Tikisa kichupa kwanza: matone baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Kama una mzee nyumbani aliyetolewa mtoto wa jicho, shika hili kabla ya yote: tikisa kichupa. Matone ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, huwa na unga unaotuama chini. Usipotikisa, mgonjwa anapata dawa hafifu na nguvu yote inabaki kwenye chupa. Mama nilimwekea hivyo siku 3 nzima, mpaka nesi mmoja akaniona na kunielekeza.

Nawa mikono kwa sabuni, vuta taratibu ngozi ya chini ya jicho, dondosha tone 1. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala kope. Kisha afumbe macho, abonyeze polepole kona iliyo karibu na pua kwa dakika 1 au 2, dawa isikimbilie kooni. Kuna matone ya aina ya pili? Subiri dakika 5.

Jicho likitulia, msiache ghafla. Steroidi hupunguzwa kidogo kidogo kama daktari alivyoandika. Mkikatisha mapema uvimbe unaweza kurudi, mkiendelea bila ruhusa presha ya jicho inaweza kupanda. Yaliyobaki usimpe jirani mwenye macho mekundu, tafadhali. Kama ana maambukizi, yanaweza kuzidi.

Na kwa upepo huu wetu wa Dodoma wa Julai na Agosti, miwani avae hata akitoka uani tu. Maumivu yakiongezeka au uoni ukififia, rudini kliniki siku hiyohiyo.