Kupima mikakati ya chanjo ya kifaduro kwa modeli ya hesabu: mfano wa Kigoma

Kabla ya kuwasha kompyuta, andika swali moja: mkakati upi utapunguza zaidi wagonjwa wa kifaduro walio chini ya wiki 14? Hao ndio wanaokufa zaidi. Ratiba yetu Tanzania ya penta, chanjo ya mchanganyiko yenye kinga ya kifaduro, ni wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo wengi wao huambukizwa kinga ikiwa bado haijakamilika.

Lengo la kuutokomeza ugonjwa liweke kando, na hesabu inaonyesha kwa nini. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 17. Ukichukua 15, ili kila mgonjwa asiambukize zaidi ya mtu mmoja, wenye kinga wanatakiwa kufika 1 − 1/15, yaani asilimia 93. Dozi tatu zikikinga asilimia 85, utahitaji kuchanja karibu asilimia 110 ya watoto, na hapo kinga hata haijaanza kufifia.

Gawa watu kwa umri: wiki 0–5, 6–9, 10–13, wiki 14 hadi miezi 11, miaka 1–4, 5–14, 15–44, 45 na kuendelea. Ndani ya kila rika weka wasio na kinga, walioambukizwa lakini bado hawaambukizi (siku 8), wanaoambukiza (siku 21), waliopona na waliochanjwa. Kasi ya maambukizi, β, ni 15/21, yaani 0.71 kwa siku; ukishaingiza jedwali la maingiliano ya marika (rika lipi hukutana na lipi, mara ngapi), irekebishe mpaka modeli nzima irudi kwenye watu 15 kwa mgonjwa mmoja. Kinga ya chanjo ifife kwa 1/(10 × 365) kwa siku. Waliofifiwa na kinga wape kundi lao. Ukiwachanganya na wasiowahi kukingwa utazidisha wagonjwa mahututi, maana hawa huugua kidogo, ingawa wanaendelea kuambukiza, na mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki tatu ni hatari kwa kichanga anayelala naye. Programu ya R na kifurushi cha deSolve vinatosha, tena ni bure.

Penye kazi kubwa ni takwimu. Ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinaweza kuonyesha uchanjaji wa zaidi ya asilimia 100 katika halmashauri, kwa sababu wavuvi wa mwambao, wahamaji na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huchanjwa bila kuwemo kwenye idadi ya walengwa. Usiingize namba hiyo. Anza na Sensa ya 2022, kisha chukua tarehe kutoka kadi za kliniki, 200 hivi kwa kila halmashauri, upate umri halisi wa kila dozi. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza wiki ya 11 anahesabika "amechanjwa" kwenye ripoti, ilhali wiki tano alikuwa wazi kabisa. Vijiji vya Uvinza vinavyofikiwa kwa boti viendeshe peke yake, usivipe wastani wa Kigoma Mjini.

Endesha modeli miaka 100 kwa hali ya sasa ili itulie, ndipo uingize mikakati: dozi kwa wakati, dozi ya nyongeza mwaka wa pili, chanjo ya wajawazito. Jumlisha wagonjwa wa miaka 20. Kifaduro hupanda kila miaka 2 hadi 5, hivyo mwaka mmoja unaweza kuusifia mkakati kwa sababu tu umeangukia bonde.

Kwa wajawazito, ongeza kundi la vichanga wenye kinga ya mama inayokwisha ndani ya siku 60 hadi 90. Endesha pia jaribio ambamo kinga hiyo inapunguza nguvu ya penta kwa asilimia 10. Wengi huliacha, na matokeo yao yanapendeza kupita ukweli. Kumbuka chanjo ya pepopunda na dondakoo wanayopewa kliniki haina kifaduro, kwa hiyo gharama ya chanjo mpya lazima ionekane.

Mwisho rudia mizunguko 1,000, ukibadilisha 15 kati ya 12 na 17 na muda wa kinga kati ya miaka 4 na 12. Mkakati unaoshinda mara 900 upeleke kwa timu ya afya ya halmashauri. Ukishinda mara 550, rudi kwanza ukakusanye kadi zaidi.