Usiiguse bafa kabla kerneli haijakurudishia

Mzee mmoja mkulima wa miwa kutoka upande wa Kibigori alinionyesha karatasi aliyopewa mizanini. Nusu ya juu ya picha ilikuwa trekta lake la buluu, limejaa vumbi. Nusu ya chini ilikuwa magurudumu ya lori la mtu mwingine. "Binti yangu," akaniuliza, "miwa hii ni yangu au ni ya huyu wa chini?" Uzito ulikuwa sahihi, lakini picha ndiyo ushahidi wa mkulima akibishana na kiwanda, na yake ilikuwa imeharibika. Programu iliyohifadhi picha hizo niliiandika mimi, hapa Mamboleo, Kisumu. Kama ndiyo unaanza kutumia io_uring, yaani njia ya Linux ya kuikabidhi kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kazi ya kuandika na kusoma bila kusimama kuisubiri, nakuomba usome taratibu.

Picha ghafi ya kamera ile ni pikseli 1280 kwa 720, baiti 3 kwa kila pikseli. Jumla ni baiti 2,764,800, yaani kurasa 675 kamili za kumbukumbu, kila ukurasa baiti 4,096. Ukiita write ya kawaida, ile funksheni ya kuandika faili, uzi wako (thread) unasimama hadi kerneli imalize kunakili baiti hizo kutoka kwenye bafa yako, yaani eneo la kumbukumbu ulilowekea picha, na kuzitia kwenye kashe yake ya kurasa, kumbukumbu inayoshikilia data kabla haijaenda diskini. Write ikirudi, kilichonakiliwa kiko upande wa kerneli na bafa ni yako tena.

Mimi nilikuwa na kamera nne zinazosubiriana, nikahamia io_uring, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019 kwa kazi ya Jens Axboe. Hapo unaandika ombi kwenye pete ya maombi, foleni unayoshirikiana na kerneli, unaita io_uring_submit, kisha uzi wako unaendelea na shughuli nyingine. Jibu utalikuta baadaye kwenye pete ya majibu. Kosa langu ni kwamba io_uring_submit iliporudi, niliichukulia kama write iliyorudi. Kumbe imesema tu kwamba ombi limepokewa. Kunakili kwenyewe huenda kumeisha, huenda kuko katikati, au uzi wa pembeni wa kerneli haujaanza hata ukurasa wa kwanza. Ni kama kuacha debe la mahindi kwa kisiagi: mwenye mashine amelipokea, hajasaga. Mimi nikamwaga picha ya lori lililofuata ndani ya bafa ileile, na kerneli, iliyokuwa imesimama katikati ikisubiri diski, ikaendelea kunakili kutoka pale ilipofikia. Mezani kwangu, kwa kamera moja, jambo hili halikutokea hata mara moja. Lilitokea siku foleni ya matrekta ilipokuwa ndefu na diski imelemewa.

Sasa nafanya hivi. Mwanzoni mwa programu natenga bafa 16 kwa posix_memalign, zote pamoja kama megabaiti 44, na kila moja ina alama ya hali yake: iko huru, naijaza, au iko kwa kerneli. Alama hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Nikipata bafa huru naijaza, nachukua nafasi kwa io_uring_get_sqe (ikirudisha NULL, pete imejaa, wasilisha yaliyomo kwanza), natayarisha ombi kwa io_uring_prep_write, kisha nabandika namba ya bafa kwa io_uring_sqe_set_data64. Usiiruke namba hiyo. Majibu hayafuati mpangilio wa maombi, na namba hiyo, inayorudi ndani ya jibu kwa jina user_data, ndiyo itakayokuambia ni bafa ipi imerudi. Nikishawasilisha, bafa hiyo siibadilishi, siijazi, siiachilii kwa free. Na tafadhali usitumie safu iliyotangazwa ndani ya funksheni itakayorudi kabla ya jibu kufika. Kumbukumbu hiyo itapewa mwingine kerneli ikiwa bado inaisoma.

Jibu likifika, chukua res (matokeo ya ombi) na user_data kwanza, ndipo uite io_uring_cqe_seen kuiambia kerneli kwamba umelisoma. Kama res ni hasi, hiyo ni namba ya hitilafu, kwa mfano -ENOSPC diski ikijaa. Kama ni chanya lakini pungufu ya urefu ulioomba, tuma ombi jipya la sehemu iliyobaki, na bafa ibaki na alama ya kuwa kwa kerneli. Zikitimia baiti zote 2,764,800, hapo ndipo bafa iko huru.

Bafa zote 16 zikiwa kwa kerneli, ngoja kwenye io_uring_wait_cqe. Kuna atakayekushauri utenge bafa nyingine kila zinapokwisha. Mimi nakataa: diski ikilemewa kwa saa nzima, kumbukumbu ya seva itaisha, na utapoteza picha zote badala ya kuchelewesha moja.

Jaribio lililonisaidia kuliko yote ni kuipaka bafa sumu. Kila bafa inapowekwa huru naijaza baiti 0xA5 kwa memset, kisha naendesha kamera zote nne pamoja na kazi nyingine nzito ya diski. Faili nazipitia kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Ukiona mstari mrefu wa a5a5 ndani ya picha, umeiachilia bafa mapema.

Bado kuna hatari ya stima kukatika. Jibu la write linasema data imefika kwenye kashe ya kurasa, halisemi imefika diskini. Ombi la write nalitia IOSQE_IO_LINK, alama inayolifunga na ombi linalofuata, na linalofuata ni io_uring_prep_fsync, inayolazimisha data ifike diskini. Write ikipungua hata baiti moja, mnyororo unakatika na fsync inarudi na -ECANCELED, kwa hiyo tuma upya write ya sehemu iliyobaki pamoja na fsync.

Kwa picha zinazokwenda ofisini kupitia mtandao, Linux 6.0 ilileta io_uring_prep_send_zc, inayojaribu kutuma bila kunakili. Hapo bafa inakaa kwa kerneli muda mrefu zaidi, kwa sababu TCP, itifaki inayohakikisha data inafika, huenda ikahitaji kutuma tena baiti zilezile. Jibu la kwanza likiwa na IORING_CQE_F_MORE, linakueleza matokeo ya kutuma tu. Subiri la pili, lenye IORING_CQE_F_NOTIF, ndipo ubadilishe alama.

Nusu ya chini ya picha ya yule mzee haikupatikana. Baiti zake zilifunikwa kabla hazijanakiliwa. Nilikiandikia kiwanda barua, nikaeleza kwamba kosa ni la programu yangu wala si la mkulima, nikampelekea nakala nyumbani.