Jinsi ya kumpata seneta wako wa jimbo la Texas na kumfikishia jambo lako

Ndugu zangu mlioko Houston, Dallas, Fort Worth na kwingine Texas, ukitaja seneta wengi wetu akili inaenda Washington moja kwa moja, kumbe kuna Seneti nyingine ya jimbo pale Austin, makao makuu ya Texas, na ndiyo inayogusa shule za watoto wetu, leseni za udereva, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba.

Maseneta wako 31 tu jimbo zima. Kwa sensa ya 2020 kila mmoja ana watu kama laki tisa na elfu arobaini, wengi kuliko hata mbunge wa Texas kule Washington, kwa hiyo usishangae ukipokewa na msaidizi, ongea naye vizuri maana yeye ndiye anayemwandalia bosi mafaili.

Kumpata, ingia tovuti ya bunge la Texas, sehemu ya kutafuta mwakilishi, andika anwani ya nyumbani. Yatakuja majina kibao, wewe angalia seneta mwenye namba ya wilaya, kuanzia 1 mpaka 31, wale wawili wa Washington hawana namba kwa sababu wanawakilisha jimbo zima.

Sasa muda, hapa ndipo tunapoachwa. Bunge linakaa miaka isiyogawanyika kwa mbili, linaanza Jumanne ya pili ya Januari na lina siku 140 basi, na miswada mingi inatakiwa iwe imeingia ndani ya siku 60 za mwanzo. Ukienda Aprili na wazo jipya umeshachelewa. Kikao kijacho cha kawaida kinaanza Januari 12, 2027, kwa hiyo nenda ofisi yake ya wilayani mapema, kabla hajahamia Austin. Mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, wengi wana kazi nyingine, piga simu kwanza uombe miadi.

Mswada ukishafika kwenye kamati unaweza kwenda mwenyewe kutoa maoni. Unajiandikisha kuwa shahidi, unasema unaunga mkono, unapinga au uko katikati, halafu unasubiri kuitwa, na kusubiri kwenyewe kunaweza kufika usiku kabisa so beba chakula. Kuongea ni kama dakika mbili au tatu, andika kabla. Si lazima uwe raia, na hili nalisisitiza kwa sababu nawaona watu wenye mambo mazito wananyamaza eti hawapigi kura.

Angalia pia nani mwenyekiti wa kamati, anateuliwa na Naibu Gavana anayeongoza Seneti, na mwenyekiti asipoupangia mswada siku ya kusikilizwa unalala hapohapo. Mwandikie na yeye. Kwenye imeili weka namba ya mswada juu kabisa, SB ni wa Seneti, HB ni wa Baraza la Wawakilishi la Texas lenye wabunge 150, halafu anwani yako, halafu jambo lako kwa sentensi chache.