Namna ya kujenga ushirikiano unaowalinda wafanyakazi wa ujenzi wa barabara: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mfanyakazi anayeziba mashimo ukingoni mwa barabara hana uwezo wa kupunguza mwendo wa magari yanayompita. Opereta wa mashine ya kukwangua lami hawezi kubadili namna mashine hiyo ilivyoundwa, ingawa ndiye anayevuta vumbi lake kutwa nzima. Kibarua anayepanga koni usiku hakuwapo wakati zabuni ilipoandikwa na kuamuliwa kwamba magari yataendelea kupita kandokando ya kazi badala ya kuchepushwa. Katika ujenzi wa barabara, anayeumia na mwenye uwezo wa kuondoa hatari mara nyingi ni watu wawili tofauti, wanaofanya kazi katika taasisi mbili tofauti, na pengine hawajawahi kukutana.

Ndiyo maana mafunzo na fulana za kuakisi mwanga pekee havitoshi. Ushirikiano ninaoueleza hapa ni ule unaowakutanisha watu hao na kumkabidhi kila mmoja jukumu lililo ndani ya uwezo wake. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya afisa usalama, msimamizi wa mradi au kiongozi wa wafanyakazi anayetaka kuanza kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: orodhesha hatari na mwenye uwezo wa kuziondoa

Pita eneo lote la kazi pamoja na wafanyakazi wenyewe, mchana na usiku, na pia wakati wa kubadilishana zamu. Usitegemee michoro peke yake. Andika kila hatari mnayoiona, mwandike anayeikabili, kisha uliza swali ambalo orodha nyingi za usalama huliruka: ni nani hasa anayeweza kuiondoa au kuipunguza katika chanzo chake?

Hatari zitaangukia katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni magari ya umma yanayoingia katika eneo la kazi. La pili ni mitambo na magari ya mradi wenyewe, hasa yanaporudi nyuma, na hili husahaulika kwa urahisi kwa sababu macho ya wengi yameelekezwa barabarani, ilhali sehemu kubwa ya vifo hutokea ndani ya uzio, kwa kugongwa na tipa, greda au mtambo wa kushindilia. La tatu ni kazi yenyewe: vumbi la silika (madini yaliyo katika mchanga na mawe), mvuke wa lami ya moto, moshi wa dizeli, kelele, joto kali, mitaro inayoweza kuporomoka, pamoja na nyaya na mabomba yaliyofukiwa. Sumu za kundi hili haziui siku hiyohiyo, na kwa hiyo hukosa mtetezi mezani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997, na moshi wa injini za dizeli mwaka 2012.

Hatua ya pili: waalike washirika kwa kufuata orodha hiyo

Safu ya mwisho ya orodha yako sasa ndiyo orodha ya waalikwa. Kwa kawaida itakuwa na mwenye mradi, mhandisi mshauri, mkandarasi mkuu na wakandarasi wadogo, chama cha wafanyakazi, wakaguzi wa kazi, polisi wa usalama barabarani, kampuni za maji, umeme na simu, na hospitali au huduma ya dharura iliyo karibu.

Wako wawili ambao sharti uwatafute kwa makusudi, kwa kuwa hawatajitokeza wenyewe. Mmoja ni mwenye mitambo ya kukodi, ambaye opereta wake huingia kazini bila kupitia utaratibu wowote wa mradi. Mwingine ni mwenye matipa. Dereva wa tipa akilipwa kwa idadi ya safari, hakuna bango wala onyo litakalomfanya aende taratibu ndani ya eneo la kazi, kwa sababu malipo yake yanamwambia aharakishe. Ukimleta tajiri wake mezani mkakubaliana malipo ya siku au ya saa, utakuwa umepunguza mwendo wa magari yote kwa uamuzi mmoja.

Hatua ya tatu: ingiza usalama katika zabuni

Hii ndiyo hatua ninayoihimiza kuliko zote, na ndiyo inayochelewa kuliko zote. Mkandarasi akishashinda zabuni kwa bei ya chini, kila koni, kila mwongoza magari na kila taa ya usiku huonekana kuwa hasara. Kwa hiyo mwenye mradi aombwe mapema kutenganisha gharama za usalama na bei nyingine: udhibiti wa magari, vizuizi, maji ya kuzuia vumbi, taa, vyoo, maji ya kunywa na muda wa mafunzo viorodheshwe kimojakimoja kwa kiasi kilichopangwa na mwenye mradi mwenyewe, ili washindani wasipunguze bei kwa kuvipunguza, na vilipwe baada ya kukaguliwa kwamba vimetolewa. Kiasi cha jumla kilichoandikwa tu kuwa ni cha usalama, bila mchanganuo, ni rahisi kukidai na vigumu kukikagua.

Suala jingine la kujadiliwa katika hatua hii ni iwapo barabara inaweza kufungwa kabisa. Kuchepusha magari huondoa hatari ambayo koni huipunguza tu, lakini uamuzi huo hauwezi kutolewa na mkandarasi peke yake, kwa kuwa unahitaji idhini ya mamlaka ya barabara, ya polisi na ya wakazi watakaozunguka njia ndefu. Wakutanishe kabla tarehe za mkataba hazijafungwa.

Mwenye mradi akisema kwamba usalama ni wa mkandarasi, mweleze kwa heshima kwamba sheria za kazi duniani zimeelekea kwingine. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unahusu usalama na afya katika ujenzi, na unataka pawe na mwenye wajibu wa kuratibu hatua za usalama pale waajiri wawili au zaidi wanapofanya kazi katika eneo moja kwa wakati mmoja. Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 1992 agizo linalotaka waratibu wa usalama tangu hatua ya usanifu, na kanuni za Uingereza za mwaka 2015 zinamtwika mwenye mradi majukumu yake mwenyewe. Angalia pia sheria ya nchi yako, kwa kuwa ndiyo itakayokubana.

Hatua ya nne: andikeni makubaliano mafupi

Kurasa mbili zinatosha. Kila ahadi iwe na cheo cha anayewajibika, tarehe na namna itakavyothibitishwa. Sentensi kama “tutashirikiana kuimarisha usalama” haina thamani, kwa sababu hakuna anayeweza kuulizwa kuhusu sentensi hiyo baada ya miezi mitatu. Afadhali iandikwe kwamba kampuni ya umeme itatuma fundi wa kuonyesha njia za nyaya kabla ya uchimbaji wa kila kipande, na kwamba mchimbaji hataanza kabla fundi huyo hajatia saini.

Makubaliano yaseme wazi pia kwamba hayachukui nafasi ya ukaguzi wa serikali. Mkaguzi wa kazi anaweza kuwa mshirika na mshauri, lakini hapaswi kubadilishana ushauri huo na ahadi ya kufumbia macho makosa.

Hatua ya tano: pangeni njia za magari, nje na ndani ya kazi

Upande wa nje, anzeni na mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 2.5 kutambua hatari na kukanyaga breki, atakuwa ameshapita mita 55 kabla gari halijaanza kupungua mwendo. Nishati ya mgongano nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kushusha mwendo kutoka kilomita 80 hadi 40 huipunguza hadi robo. Mamlaka ya barabara iweke kikomo kilicho halali kisheria, mkandarasi aibane njia na aweke ishara mapema, na polisi wawepo katika saa ambazo kazi iko karibu zaidi na magari. Bila askari, kikomo hubaki kuwa bango. Bila njia iliyobanwa, askari akiondoka mwendo unarudi ulivyokuwa.

Kubalianeni pia kwamba ishara zitafunikwa au kuondolewa wakati hakuna kazi. Dereva aliyepita mara kadhaa mahali palipoandikwa kuwa kuna wafanyakazi bila kumwona hata mmoja hujifunza kuzipuuza, na gharama ya somo hilo humwangukia kibarua wa siku nyingine.

Upande wa ndani unahitaji mchoro wake wenyewe, uwe mwepesi wa kusomwa na ubadilishwe kila kazi inaposogea. Uonyeshe mahali tipa litakapoingilia na kutokea, mahali litakapogeukia ili lisirudi nyuma safari ndefu, mahali watembea kwa miguu wasipokanyaga, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kumwongoza dereva anayerudi nyuma. Msimamizi awaketishe vibarua kwenye kiti cha opereta, injini ikiwa imezimwa, na mwenzao azunguke mtambo ili waone wenyewe anapopotea machoni. Kengele ya kurudi nyuma isaidie, lakini isitegemewe peke yake: pale mitambo mingi inapolia kwa pamoja, sikio huacha kuitofautisha.

Hatua ya sita: wafikieni watengenezaji wa mitambo na watafiti

Wengi hudhani hatua hii ni ya nchi tajiri tu. Sikubaliani nao, na mfano ninaoutumia ni wa Marekani. Mwaka 1997, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, pamoja na wazalishaji wa lami, vyama vya wafanyakazi, mamlaka za serikali na watengenezaji wa mitambo walikubaliana kwamba mitambo mikubwa ya kutandaza lami, yenye uzito wa zaidi ya tani 7 hivi, itakayotengenezwa kuanzia Julai mwaka huo, iwe na mfumo wa kufyonza mvuke na kuuondoa mbali na wafanyakazi. Kilichofanikisha jambo hilo ni kwamba kila upande ulileta kitu ambacho upande mwingine haukuwa nacho: watafiti walikuwa na vipimo, viwanda vilikuwa na wahandisi, vyama vilikuwa na watu wanaoujua mvuke huo, na wakandarasi walikuwa na barabara za kufanyia majaribio.

Mwaka 2003 njia hiyohiyo ilianza kutumika kwa vumbi la mashine za kukwangua lami. Majaribio yalichukua miaka mingi, na mwongozo wa mwisho ulitolewa mwaka 2015, ukieleza namna ya kuunganisha ufyonzaji wa hewa na unyunyizaji wa maji. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilishusha kikomo cha silika inayovutwa hadi mikrogramu 50 kwa kila meta ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8, na tasnia haikuanza kutafuta ufumbuzi siku hiyo.

Katika mradi wako huenda usiwe na maabara, lakini una nguvu ya kuchagua. Mwenye mradi na mkandarasi wakiandika katika masharti ya kununua au kukodi mashine kwamba lazima iwe na mfumo wa kufyonza vumbi au mvuke, na kwamba mfumo huo uwe unafanya kazi siku ya kupokelewa, muuzaji atasikiliza. Hakikisheni pia boza la maji halikauki katikati ya zamu. Kuhusu lami, mwulizeni mzalishaji kama anaweza kutoa mchanganyiko wa joto la chini, kwa sababu mvuke hupungua kadiri joto linavyoshuka.

Hatua ya saba: mpeni mfanyakazi uwezo wa kusimamisha kazi

Mkataba namba 167 unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea. Haki hiyo ni dhaifu kwa kibarua wa siku, ambaye kesho anaweza asiitwe tena. Kwa hiyo makubaliano yaseme kwamba kila aliye kazini, pamoja na wa mkandarasi mdogo, anaweza kusimamisha kazi, kwamba atalipwa kwa muda huo, na kwamba malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mwakilishi aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe, wala si aliyeteuliwa na msimamizi. Kikao kifupi cha asubuhi kifanyike kwa lugha wanayoielewa wote, na kianze kwa kuwasikiliza: nini kiliwatisha jana?

Hatua ya nane: pimeni kabla ya ajali

Idadi ya ajali ni kipimo kinachochelewa, na huweza kupotoshwa kwa kuwashawishi watu wasiripoti. Msiwape zawadi vikundi kwa kutokuwa na ajali. Hesabuni badala yake matukio ya nusura yaliyoripotiwa, yaani yale ambayo ajali ilikaribia kutokea lakini haikutokea, muda uliopita kabla ya kila kasoro kurekebishwa, mwendo halisi wa magari yanayopita na idadi ya mara ambazo tipa lilirudi nyuma bila mwongozaji. Ripoti za nusura zikiongezeka katika wiki za mwanzo, msifadhaike. Maana yake watu wameanza kuamini kwamba wanasikilizwa.

Washirika wakutane kila mwezi eneo la kazi, waanze kwa kutembea kabla ya kuketi, na kila ahadi isiyotimizwa isomwe mbele ya aliyeitoa. Mradi unapokabidhiwa, toeni nakala ya ramani za nyaya na mabomba, orodha ya hatari na kumbukumbu za matukio ya nusura kwa kikosi cha matengenezo kitakachofanya kazi katika barabara hiyo, kwa kuwa kitasimama palepale, magari yakiwa yanaenda kasi zaidi juu ya lami mpya.