Kabla hujalipa kiingilio cha poka, uliza dakika

Ukienda kasino wikendi kucheza mashindano ya poka, usianze kwa kuuliza zawadi. Omba ratiba, utazame madau ya lazima (dogo na kubwa, ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa) yanapanda kila baada ya dakika ngapi. Dakika 15 ni mbio za bahati; zikiwa 30 au zaidi unapata nafasi ya kutumia akili. Halafu piga hesabu: ukianza na chipu 20,000 na dau kubwa la lazima ni 200, una madau makubwa 100, mtaji mzuri. Dau likifika 2,000 nawe bado una zile zile 20,000, umebaki na 10 tu. Hapo kulipia ili uone tu karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani ni kujimaliza polepole: ama unaweka chipu zote, ama unatupa karata zako.

Pesa ya kuingia tena ukiishiwa chipu itenge kwenye bahasha kabla ya safari, ya mara moja, basi. Mimi kadi ya benki huiacha hotelini. Na mashindano ya Jumapili jioni yapite kama una basi au ndege ya kuwahi. Utakuwa unaangalia saa badala ya karata, na wenzako mezani wataliona hilo mapema.