Kabla hujaanza kumlisha njiti kwa mrija

Mama, kama umeambiwa leo utaanza kumlisha mwanao mwenyewe, soma kwanza. Mtoto ambaye hajafikisha wiki 34 hivi, ukihesabu na zile za tumboni, bado hawezi kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa mpangilio, ndiyo maana maziwa yake yanapitia mrijani.

Nawa mikono kwa sabuni, hata kama umetoka kunawa sasa hivi. Kamua mapema. Pima kile kile alichoandikiwa, usimwongeze eti kwa sababu amekonda.

Kagua mrija. Nesi akiuweka huubana kwa plasta na kuweka alama pale unapoingilia. Alama ikisogea usilishe, mwite, maana mrija uliochomoka kidogo unaweza kumwaga maziwa kooni, yakaishia mapafuni. Na usigombe ukikuta wa mwenzako umepita puani na wa kwako mdomoni. Kichanga hupumua kwa pua na matundu yenyewe ni madogo, kwa hiyo anayehangaika na pumzi mara nyingi huachiwa pua zote mbili.

Sasa hili la kusukuma maziwa. Jirani yangu wodini alikuwa hoi kwa usingizi, na maziwa yanashuka kwa madaha kutoka bomba la sindano lililochomekwa mrijani. Akachomeka kile kijiti cha kusukumia cha bomba, akabonyeza mara moja tu. Mtoto akajikunja, kisha akatulia. Sote tukadhani ameshiba. Sista aliyekuwa kitanda cha pili akakitazama kifua, akaja mbio, akaubana mrija kwa vidole, akaanza kumsugua nyayo na mgongo. Ulimi ulishaanza kuwa wa bluu. Pumzi ilirudi, lakini yule mama alitetemeka hadi alfajiri.

Tumbo la njiti likijazwa ghafla hubana nafasi ya mapafu. Pumzi inaweza kukatika na mapigo ya moyo kushuka. Kwa hiyo kijiti kitoe kabisa, kiweke mbali. Shika bomba juu kidogo ya mtoto, maziwa yashuke yenyewe, dakika 10 hadi 20. Yakienda kasi, teremsha mkono. Yakigoma, ita nesi.

Kabla ya kumimina, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kati ya 40 na 60 ni sawa; zikizidi, au mbavu zikivutwa ndani, uliza kwanza. Ukishaanza, macho yabaki kifuani, simu iweke chini. Vituo vya pumzi vya sekunde chache njiti wanavyo, ila kikifika sekunde 20, au rangi ikibadilika hata kabla ya hapo, simamisha maziwa na upige kelele. Ngozi yetu huficha bluu, tazama ulimi.

Akimaliza, mweke kangaruu, kifua kwa kifua, shingo isikunjike, kanga isimzibe pua. Akitapika kijani au tumbo likikaza, usingoje raundi ya asubuhi. Na bibi yake mwenye mafua abaki nje. Akinuna, anune.