Jinsi ya kupima umakini unavyohamia kwenye mguso usiotarajiwa

Mwambie mtu aweke akili yake yote kwenye kidole cha kulia, kisha mguse cha kushoto: atachelewa kidogo kujibu. Uchelewaji huo hauonekani kwa macho, lakini kompyuta huunasa. Nyuma ya uchelewaji huo kuna mitandao miwili ya ubongo. Mmoja hupita sehemu za juu za ubongo, kulia na kushoto, na kazi yake ni kushikilia umakini pale mtu alipoamua kuuweka. Wa pili umeelemea kulia, kuanzia juu kidogo ya sikio hadi sehemu ya chini ya ubongo wa mbele. Huu hukatiza kazi ya mwenzake linapotokea jambo la maana ambalo halikutazamiwa. Wanasayansi wa ubongo Corbetta na Shulman waliueleza mgawanyo huu mwaka 2002, wakitegemea zaidi majaribio ya kuona, lakini eneo hilo la juu ya sikio huitikia mabadiliko ya mguso na ya sauti pia.

Utahitaji mota mbili ndogo za mtetemo, zile bapa za simu, bodi ya kuprogramu (kompyuta ndogo ya kuendesha mota), swichi ya kukanyaga kwa mguu, skrini na hedifoni. Usiunganishe mota moja kwa moja na pini ya bodi, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi kuliko pini inavyoweza kutoa. Ipitishe kwenye transista, yaani swichi ya kielektroniki, na uweke dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na mota ili umeme unaorudi inapozimwa usiunguze bodi.

Bandika mota kwenye ncha ya kila kidole cha shahada kwa plasta isiyobana. Kila mkono uegemee sponji yake, maana ubao mmoja husafirisha mtetemo hadi upande wa pili. Acha sentimita 40 hivi kati ya mikono na uifunike kwa kitambaa, kwa kuwa kuuona mkono tu hubadilisha hisia za mguso. Na isipishane kamwe: ikipishana, ubongo huanza kubishana kati ya “mkono wa kulia” na “upande wa kulia”, na utakuwa unapima jambo jingine.

Kila jaribio huenda hivi. Mshale unaoelekea kushoto au kulia hutokea kwa milisekunde 200. Kisha kuna kimya cha milisekunde 600 hadi 1,000, kinachobadilikabadilika ili mtu asijifunze mdundo. Kisha mota moja hutetema kwa milisekunde 100, na mtu hukanyaga swichi mara tu anapohisi, uwe upande wowote. Mguu hutumika ili mkono unaoguswa usiwe ndio unaojibu.

Andaa mafungu 4 ya majaribio 50. Katika kila fungu, 36 mguso ufuate mshale, 9 uje upande wa pili, na 5 usiwepo mguso kabisa. Changanya mpangilio. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitaka data nyingi za mguso wa kushtukiza, hugawa nusu kwa nusu. Mshale ukikosea mara nyingi hivyo, mtu huacha kuuamini, umakini haubaki upande mmoja, na hakuna cha kushtukiza tena.

Kosa la pili ni sauti. Mota hulia, na sikio likitambua upande wake, mtu atajibu kwa kusikia huku akidhani amehisi. Weka mvumo usiokatika kwenye hedifoni. Jaribu pia kwa kutetemesha mota zikiwa hazijagusa ngozi: mshiriki akiweza kutaja upande, ongeza mvumo kidogo bila kuumiza masikio.

Mota hizi pia huchukua makumi ya milisekunde kufikia kasi kamili. Tumia za aina moja, kisha zibadilishane mikono baada ya fungu la pili.

Katika hesabu, ondoa majibu ya chini ya milisekunde 100, kwani hayo ni ya kubahatisha, na yanayozidi 1,500. Linganisha muda wa katikati (majibu yakipangwa kuanzia fupi hadi refu) wa mguso uliofuata mshale na ule ulioukaidi, kwa kila mtu peke yake. Anayekanyaga zaidi ya mara 4 kwenye majaribio 20 yasiyo na mguso, mwelekeze upya na umpime tena. Mwenye ganzi vidoleni asihesabiwe pamoja na wengine.

Muda wa kujibu hauonyeshi ni eneo gani la ubongo limefanya kazi. Kwa hilo unahitaji kupiga picha za ubongo kwa mashine ya sumaku. Kupima umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa huonyesha zaidi wakati kuliko eneo: jambo lisilotarajiwa huleta wimbi kubwa takriban milisekunde 300 baada ya mguso.